"Kwetu Hakuna Mgumba, Dokta"

Wiki hii nimeisikia mara tatu. Mwanaume ameketi mbele yangu na majibu ya kipimo cha mbegu: hakuna hata moja, na tuliporudia hali ni ileile. Namwambia sasa tupime damu, tuangalie kromosomu, yaani vifurushi vya vinasaba ndani ya seli. Ananijibu: "Dokta, mimi ni wa saba kwa baba yangu, kaka zangu wote wana watoto. Kwetu hakuna mgumba. Mpime mama kwanza." Mkewe, aliyekwisha kupigwa picha ya mirija na kupimwa homoni mara mbili, anatazama sakafu.

Uzazi wa baba yako hauniambii lolote kuhusu kromosomu zako. Mwenye hali ya Klinefelter ana X ya ziada, XXY badala ya XY. Hakuirithi, kromosomu zilikosea kugawanyika lilipotengenezwa yai au mbegu iliyomzaa. Hali hii humpata takriban mwanaume mmoja kati ya 600, na wengi hawajui mpaka watafute mtoto. Wengi wana nguvu za kiume kama wenzao. Mimi huanza kushuku nikizipima korodani kwa vidole: ndogo, ngumu.

Kipande cha AZF kwenye kromosomu Y, chenye jeni za kutengeneza mbegu na kilichogawanywa sehemu a, b na c, nacho mara nyingi hukatika kwa mtoto ilhali baba anacho kizima. Na jeni iitwayo CFTR? Hapo baba na mama kila mmoja hubeba nakala moja mbovu, wanazaa bila shida, kisha mtoto wa kiume aliyezipata zote mbili, mara nyingi moja ikiwa na hitilafu ndogo, huzaliwa bila mirija ya kupitishia mbegu. Korodani zinafanya kazi, njia ndiyo haipo. Kwa huyu nasisitiza mke apimwe jeni hiyo kabla ya kupandikiza mimba, maana naye akiwa mbebaji, mtoto anaweza kurithi nakala mbili mbovu zaidi na kuzaliwa na ugonjwa mzito wa mapafu.

Kipimo hiki cha damu kinaokoa kisu na pesa. AZFa au AZFb ikikosekana yote, kupasua korodani kutafuta mbegu ni kumuumiza mtu bure. Ikikosekana AZFc, karibu nusu yao tunazipata, ila kila mtoto wa kiume atairithi Y hiyohiyo. Mtu anastahili kulijua hilo kabla hajauza kiwanja. Ndiyo maana kila asiye na mbegu, au mwenye chini ya milioni 5 kwa mililita, namwandikia kipimo hiki.

"Lakini shahawa zinatoka nyingi." Sehemu kubwa ya hizo ni maji ya tezi dume na vifuko vya shahawa. Mbegu huonekana kwa hadubini tu.

Wanaoogopa neno DNA wakidhani ni kipimo cha kutafuta baba wa mtoto: hapa hatulinganishi damu yako na ya mtoto yeyote.

Mizizi na vidonge vya zinki havirudishi kipande cha kromosomu. Sindano za testosteroni ndizo zinazoniudhi kupita zote: ubongo huacha kuziamuru korodani, na mbegu chache zilizokuwepo zinaisha. Kama umechomwa, niambie siku ya kwanza. Na majibu yakitoka safi, bado tunaendelea kutafuta, kwa sababu vipimo hivi vinakamata visababishi vichache tu.

Nanyi mnaochukua damu ya kromosomu, msiifungie friza. Seli zinapaswa kufika maabara zikiwa hai, zioteshwe siku tatu hivi, ndipo kromosomu zihesabiwe.