Je, Wajua Kwa Nini Jasho Humiminika Pale Tu Unaposhuka Kwenye Baiskeli?

Mtu anaweza kuendesha baiskeli saa nzima juani na fulana yake ikabaki karibu kavu. Akisimama kivulini dakika mbili tu, jasho linaanza kumchuruzika kidevuni na kudondokea kwenye fremu. Wengi hudhani mwili ndiyo kwanza umeanza kutoa jasho. La hasha! Lilikuwa linatoka muda wote, ila upepo wa mwendo ulilikausha kabla hajaliona. Anaposimama, upepo unakatika, lakini joto lililolimbikizana kwenye misuli bado linatafuta njia ya kutoka.

Misuli hugeuza robo tu ya nishati inayotumika, au pungufu ya hapo, kuwa mwendo. Iliyobaki huwa joto. Anayekanyaga pedali kwa nguvu ya wati 150, mwendo wa kawaida kabisa wa safari ndefu, anazalisha joto la wati 450 au zaidi, yaani zaidi ya kilojuli 1,600 kwa saa. Lita moja ya jasho likikauka juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400. Kwa hiyo, hewa inapokuwa na joto sawa na la ngozi, kiasi cha nyuzi 35, karibu theluthi mbili ya lita lazima zikauke kila saa ili joto la mwili lisipande. Jasho linalodondoka chini halipoozi chochote. Ndiyo maana joto lenye unyevunyevu huchosha kuliko joto kavu: jasho lipo, ila halikauki.

Anayejiandaa kwa msafara wa kilomita 120 wakati wa kiangazi asitegemee basi kuhisi kama anapoteza maji. Apime. Ajipime uzito bila nguo, aendeshe saa moja kwa kasi ile ile ya msafara, ajikaushe, kisha ajipime tena. Kila kilo iliyopungua ni lita moja, na maji aliyokunywa njiani yanaongezwa kwenye hesabu. Aliyetoka na kilo 70, akarudi na kilo 69.4 na alikunywa nusu lita, amepoteza lita 1.1.

Kipimo hiki kifanyike baada ya mwili kuzoea joto, si kabla. Kuzoea huchukua siku 10 hadi 14 za mazoezi ya saa moja hadi saa moja na nusu kwenye joto. Siku za mwanzo sehemu ya maji katika damu huongezeka. Baadaye jasho huanza mapema, huwa jingi zaidi na chumvi yake hupungua. Aliyejipima kabla ya hapo atabeba maji pungufu. Na aliyezoea, kisha akakaa mbali na joto wiki tatu au nne, ni kama anaanza upya.

Hakuna haja ya kurudisha kila tone. Lengo ni uzito usishuke zaidi ya asilimia 2 au hivi, na usipande kamwe. Anayemaliza safari akiwa mzito kuliko alivyoondoka amekunywa kupita kiasi, na maji matupu mengi huzimua chumvi ya damu hadi kuleta kichefuchefu, kichwa kuuma na hata kuchanganyikiwa. Chupa moja iwe ya maji matupu, ya kunywa na kujimwagia kichwani. Nyingine iwe na mchanganyiko: kwa lita moja ya maji, vijiko vinne vikubwa vya sukari (kama gramu 50) na robo kijiko cha chai cha chumvi. Ukizidisha sukari, kinywaji kinakaa tumboni.

Sasa zidisha kwa watu 12. Chupa mbili za mililita 750 humtosha mtu kwa saa mbili hivi, kwa hiyo kundi liendalo kilomita 22 kwa saa lijaze maji kila baada ya kilomita 35 au 40. Hapo ni chupa 24, lita 18. Kwa bomba moja, nusu dakika kwa kila chupa, tayari dakika 12 zimekwisha. Bomba hilo lisipokuwa na kivuli karibu, mapumziko yanageuka adhabu. Msafara huo wa kilomita 120, pamoja na vituo, unachukua zaidi ya saa sita. Ukianza saa 11:30 alfajiri unakwisha kabla ya adhuhuri. Ukianza saa 2:00 asubuhi unaishia kwenye joto kali la saa nane.

Hatari kubwa iko mlimani. Kasi inashuka kutoka kilomita 25 hadi 8 kwa saa huku miguu ikifanya kazi ile ile au zaidi. Upepo ukivuma kutoka nyuma kwa kasi hiyo hiyo ya 8, mpandaji anakuwa kwenye hewa tuli kabisa. Kila mmoja apande kwa mwendo wake, kwa gia nyepesi, na kundi likusanyike kwenye kivuli cha kwanza baada ya kilele. Hata tambarare, anayejificha nyuma ya mwenzake anapumzisha miguu lakini anakosa upepo, hivyo joto likizidi achieni nafasi.

Tairi halipasuki kwa jua tu: hewa yake ikitoka nyuzi 20 hadi 40, shinikizo la PSI 80 (kipimo cha kwenye pampu) hupanda hadi 86 hivi. Chunga zaidi breki za rimu kwenye mteremko mrefu, maana huchemsha rimu na kulegeza gundi ya viraka vya zamani.

Wa mwisho kwenye msafara awe mzoefu, mwenye simu na chupa ya ziada ambayo haiguswi. Yeye ndiye anayemwona mtu akianza kuyumba, kujibu ovyo au kukataa kusimama. Mtu wa namna hiyo avuliwe helmeti, alazwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima huku akipepewa, na gari la wagonjwa liitwe papo hapo. Kama hajitambui vizuri, asinyweshwe kitu.