Noah, Isis au Sienta: kagua mlango kabla ya kuangalia rangi

Watoto watatu, bibi, dada wa kazi na mabegi ya safari ya Desemba hawaenei kwenye IST. Hapo ndipo familia nyingi zinapoanza kutafuta gari la viti saba au nane lenye milango ya kuslaidi. Faida yake unaiona siku ya kwanza: mtoto hawezi kuubamiza mlango kwenye gari la jirani, na mzee anaingia bila kujikunja hata kama umeegesha kwenye uchochoro mwembamba. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi hukagua rangi, redio na rimu, kisha wanaufungua mlango wa kuslaidi mara moja tu. Kwenye magari haya, vitu viwili ndivyo vinavyomaliza hela baada ya kununua: mlango na giaboksi.

Kwa bajeti ya kawaida hapa Tanzania, uchaguzi unaishia kwenye Toyota tatu: Noah na pacha wake Voxy, Isis, na Sienta. Sababu ni spea na mafundi. Nissan Serena na Honda Freed ni magari mazuri ya kukaa, ila giaboksi zake za CVT (otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za hatua) zinataka oili yake sahihi na fundi anayezijua. Kama mjini kwako hayupo, achana nazo. Alphard ya lita 2.4 inapendeza, lakini mafuta, matairi na ushuru wake si wa bajeti hii.

Soma herufi za chasisi, si mwaka peke yake

Dalali atakwambia "Noah new model". Neno hilo halina maana yoyote mpaka uone chasisi.

SR40 na SR50 ni zile za 1996 hadi 2001, injini iko chini ya viti vya mbele. Ni ngumu kufa, lakini zimechoka sasa. Usiichukue kwa ajili ya familia labda uwe umeiona tangu ikiwa mpya.

AZR60 (AZR65 ikiwa 4WD) ni ya 2001 hadi 2007, ina injini ya 1AZ-FSE, maarufu kama D-4. Hii inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa kuzisafisha. Masizi hujijenga pale na kwenye throto, gari linaanza kutetemeka likiwa sailensa (injini inazunguka bila kukanyagwa mafuta) na kuzimika kwenye foleni. Pampu yake ya presha kubwa haipendi mafuta machafu. Kingine, nyuzi za bolti za silinda hedi kwenye bloku ya alumini huweza kuchomoka. Ukiona maji yanapungua bila kuvuja nje, au alama ya maji yaliyokauka kwenye maungio ya hedi na bloku upande wa nyuma ya injini, ondoka. AZR60 isiyo na dalili hizo bado unaweza kuichukua, ila bei iakisi hayo yote.

ZRR70 (ZRR75 kwa 4WD) ni ya 2007 hadi 2014. Kwa familia ya watu sita na kuendelea, hii ndiyo ninayoipendekeza. Injini ni 3ZR ya lita 2.0, ama 3ZR-FE ya kawaida au 3ZR-FAE yenye Valvematic, mfumo unaobadilisha jinsi valvu zinavyofunguka. Ugonjwa wake wa kawaida ni pampu ya maji: washa tochi ya simu, tazama upande wa mikanda, tafuta unga wa rangi ya waridi wa kulanti iliyokauka. Pampu inabadilishwa na maisha yanaendelea. Ukipata FE safi na FAE safi kwa bei moja, chukua FE, maana ina vitu vichache vya kuharibika.

Isis ni ya kati. ZNM10 ina 1ZZ-FE ya lita 1.8 na otomatiki ya gia nne, jambo zuri kwa anayeogopa CVT, lakini injini hizo za miaka ya mwanzo zinajulikana kwa kula oili. ANM10 ina D-4 ileile ya Noah. ZGM10, iliyoanza 2009, ndiyo bora kati ya hizo. Jua pia kwamba upande wa kushoto Isis haina nguzo ya katikati. Nguzo hiyo imejengwa ndani ya mlango wenyewe. Iliyogongwa ubavu huo na kunyooshwa mtaani usiiguse, kwa sababu mlango ukikosa kukaa sawa, na nguzo haipo sawa.

Sienta ya NCP81 ina 1NZ-FE, ndugu yake IST, lita 1.5. Ni gari la mjini la mita 4 na kidogo. Safu ya tatu ni ya watoto, na ikiwa na watu haibakizi nafasi ya mabegi. Kama mko watano na wageni huja mara moja moja, inatosha kabisa na mafuta yake ni nafuu.

Mlango wa kuslaidi unavyokaguliwa

Gari liwe limezimwa, sehemu tambarare. Anza kwa kutafuta swichi kuu ya milango ya umeme kwenye dashibodi. Ikiwa imezimwa, jiulize kwa nini. Iache hivyo kwanza, kisha fungua kwa mkono taratibu. Mlango unatakiwa utembee mwendo mmoja bila kukwama wala kuruka. Usimamishe katikati, shika ukingo wake wa nyuma, unyanyue juu. Ukisikia "kok" na mlango ukapanda milimita kadhaa, rola zimekwisha. Rola ziko tatu: ya juu, ya chini, na ya kati inayopita kwenye reli ya nje, ubavuni nyuma. Ya kati hubeba uzito mkubwa, ndiyo inayokufa kwanza. Ushahidi wake mwingine ni mkwaruzo mrefu wa rangi chini ya reli, au komeo lenye alama ya kung'aa upande mmoja kwa sababu mlango umelala.

Kisha peleka gari kwenye mteremko, pua ikitazama chini. Fungua mlango mpaka mwisho, uachie. Lazima unase na ubaki pale. Mlango unaojirudia wenyewe mteremkoni unaweza kuvunja vidole vya mtoto, na hapo sijadiliani na muuzaji, kinasio kitengenezwe kwanza.

Sasa washa swichi ya umeme. Funga na fungua mara tano mfululizo kwa kila njia: kitufe cha dereva, kitasa, rimoti. Mara moja haitoshi, kwa sababu mota iliyochoka hufanya vizuri ikiwa ya baridi. Sikiliza. Mlio wa "krr-krr-krr" ni kebo iliyoanza kuchanika au kuruka kwenye gurudumu lake la kuizungushia. Mlango ukienda sentimita kumi ukarudi, muuzaji atasema "ni betri tu". Washa injini, pima volti kwenye betri. Ikiwa ni 13.8 hadi 14.4 na mlango bado unarudi, si betri. Ni rola, reli chafu au kebo, na mlango unadhani umegonga kitu. Mwisho weka boksi tupu mlangoni (kamwe si mkono) uone kama unarudi ukiligusa.

Jambo moja linalowatisha watu bure: kwenye magari mengi, kifuniko cha mafuta kikiwa wazi, mlango wa upande huo haufunguki wote. Umetengenezwa hivyo, si mbovu.

Wapo wanaong'oa kebo na kuutumia mlango kwa mkono. Si dhambi. Mlango unakuwa mzito kidogo ila hausumbui tena, na wewe unapata hoja ya kushusha bei. Lakini hakikisha komeo na loku ya watoto vinafanya kazi.

Ukishanunua, usijaze grisi kwenye reli. Vumbi letu likikutana na grisi linakuwa msasa unaokula rola. Ondoa mchanga, sarafu na maganda ya pipi kwa brashi, futa kwa kitambaa, pulizia silikoni kidogo. Grisi nyeupe tone dogo iende kwenye beringi ya rola tu.

Giaboksi

Omba kuliona gari likiwa halijawashwa tangu usiku. Weka mkono juu ya boneti: ikiwa ya moto, rudi kesho. Washa, kanyaga breki, ingiza D, kisha R. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja au mbili kushika, kuna jambo. Barabarani, endesha kwa mguu mwepesi kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. CVT mbovu hutetemeka hapo, kama gari linalopita juu ya matuta madogo. Baadaye panda kilima ukiwa umebeba watu, dakika ishirini nzima. Giaboksi iliyochoka huanza kuvuma au kukosa nguvu ikishapata moto.

CVT nyingi hapa kwetu zimeuawa na ATF ya kawaida, oili ya otomatiki za gia. Mkanda wake wa chuma unashikwa kwa msuguano, na oili isiyo yake inauacha uteleze. Toyota zina oili yake ya CVT, TC au FE kutegemea gari, iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukimwaga kwa nati ya chini, sehemu kubwa hubaki ndani ya toki konveta, kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu chache. Mimi nashauri kila kilomita 40,000.

Historia yake

Noah nyingi zimebeba abiria, hasa kanda ya kaskazini. Iliyobeba abiria imefunguliwa mlango maelfu ya mara. Tafuta matundu ya bolti za kiti cha ziada sakafuni, mabaki ya mstari wa rangi ubavuni, springi za nyuma zilizoongezwa, na kitasa kilichokwanguka.

Mita ya kilomita inadanganyika, stika ya oili haisemi uongo kirahisi. Mara nyingi imebandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva ikiwa na kilomita na mwaka wa Kijapani: Heisei unaongeza 1988, yaani Heisei 22 ni 2010. Kwa Reiwa ongeza 2018. Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni pamenyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S na C ni kutu. S karibu na kizingiti cha mlango naiogopa kuliko W, kwa sababu reli ya chini imejengwa hapo.

Ukiagiza mwenyewe Tanzania, hesabu kwanza ushuru: forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya cc 1,001 hadi 2,000 na 10 kwa zaidi ya hapo, VAT 18, na uchakavu asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, au 30 likizidi 10. ZRR70 zote zimeshapita miaka 10, ndiyo maana iliyokwisha kusajiliwa hapa, namba ya usajili yenye herufi D na ikiwa safi, mara nyingi inashinda ya kuagiza. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo huko Isis na Noah za ZRR70 zinapatikana kwa waliokwisha kuzimiliki tu.

Kabla ya kulipa, linganisha namba ya chasisi kwenye bati la gari na ile ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi na wa maegesho. Madeni hayo hufuata gari, na mwenye kadi mpya ndiye atakayedaiwa.