Majilio: maana yake, na namna parokia inavyoyaadhimisha kwa pamoja

Majilio ni kipindi cha mwaka wa Liturujia, yaani kalenda ya ibada za Kanisa, ambamo Kanisa Katoliki linajiandaa kuadhimisha Noeli, yaani Krismasi, na papo hapo linajikumbusha kwamba Kristo aliyezaliwa Bethlehemu atakuja tena katika utukufu siku ya mwisho. Kipindi hiki huanza Jumamosi jioni, kwa Masifu ya Jioni (sala rasmi ya jioni ya Kanisa) ya kwanza ya Dominika, yaani Jumapili, iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea Mtume, na hukoma jioni ya tarehe 24 Desemba. Dominika zake ni nne daima, lakini idadi ya siku hubadilika kufuatana na siku ambayo Noeli inaangukia: mwaka 2022 Majilio yalianza tarehe 27 Novemba yakadumu siku 28, ilhali mwaka 2023 yalianza tarehe 3 Desemba yakawa siku 22 tu, Dominika ya nne ikaangukia siku ileile ya mkesha. Dominika ya kwanza ya Majilio ndiyo mwaka mpya wa Kanisa, na ndipo tunapohama kutoka mzunguko mmoja wa masomo ya Dominika kwenda mwingine, kati ya ile mitatu inayoitwa A, B na C.

Neno lenyewe linastahili kutazamwa kwa makini. Kilatini husema adventus, yaani kufika. Kiswahili kimeshika njia yake, kwa maana Majilio yametoka katika kitenzi kuja, kilichonyambuliwa hadi kufikia -jia na -jilia, na umbo hilo halisimami bila mtu anayejiwa. Mtu anaweza kuja tu, basi; lakini akijilia, humjilia fulani. Kwa hiyo anayetamka Majilio kwa Kiswahili ameshawataja, hata bila kukusudia, wale wanaongoja, na kwangu mimi huo ni utajiri ambao hatuutumii vya kutosha katika mafundisho yetu.

Kuja huko si kumoja. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abate wa karne ya 12, alizihubiria jumuiya za wamonaki wake kwamba Bwana huja mara tatu: kwanza alikuja katika mwili na udhaifu, mwishoni atakuja katika utukufu, na katikati ya hizo mbili huja kwa siri rohoni mwa wanaompokea. Liturujia ya Majilio imepangwa kwa kufuata mantiki inayokaribiana na hiyo. Tangu mwanzo hadi tarehe 16 Desemba masomo yanaelekeza macho kwenye marejeo ya Kristo, ndiyo maana Injili ya Dominika ya kwanza, mwaka wowote ule, inatuambia tukeshe wala haisemi lolote kuhusu hori la ng'ombe. Dominika ya pili na ya tatu anasimama mbele yetu Yohane Mbatizaji. Kuanzia tarehe 17 Desemba mwelekeo unageukia kuzaliwa kwa Yesu, na katika Masifu ya Jioni zinaimbwa antifona kuu saba, yaani viitikio vifupi, moja kila siku, kuanzia ile inayomwita Bwana Hekima hadi ile ya tarehe 23 inayomwita Emanueli.

Wengi huyafananisha Majilio na Kwaresima kwa sababu ya rangi ya zambarau. Mfanano upo, ila una mpaka. Wimbo wa Utukufu hauimbwi katika Dominika za Majilio, lakini Aleluya inaendelea kuimbwa, jambo ambalo halitokei kamwe katika Kwaresima. Maua altareni yanaruhusiwa kwa kiasi. Sheria ya Kanisa haiweki siku za kufunga zilizo za lazima katika kipindi hiki, ingawa zamani watu walifunga: katika karne ya 5 Askofu Perpetuo wa Tours, huko Ufaransa ya leo, aliagiza mfungo wa siku tatu kwa juma tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, hadi Noeli. Kanuni za mwaka wa Liturujia za mwaka 1969 zinayaita Majilio kipindi cha kungoja kwa ibada na kwa furaha. Furaha hiyo huonekana wazi Dominika ya tatu, iitwayo Gaudete, yaani furahini, ambapo padre anaweza kuvaa rangi ya waridi. Na tarehe 8 Desemba, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Utukufu husikika tena katikati ya ukimya huo.

Shada la Majilio, lile duara la majani mabichi lenye mishumaa minne, halikuzaliwa katika Kanisa Katoliki. Linahusishwa na mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani, na ambaye mwaka 1839 alichukua gurudumu la mkokoteni akasimika juu yake mishumaa 20 midogo kwa siku za kawaida na minne mikubwa kwa Dominika, ili watoto waache kumuuliza kila siku Noeli imebakiza siku ngapi. Wakatoliki waliipokea desturi hiyo baadaye. Maana zinazopewa mishumaa hiyo, kama vile matumaini, amani, furaha na upendo, ni mapokeo mazuri ya kufundishia na si agizo la Liturujia, hivyo parokia isiyozitumia haijakosea. Mimi nimeona shada lililofungwa kwa masale, lile jani ambalo Wachaga humpelekea mtu waliyemkosea ili kumwomba msamaha, na kwa kueleza mahubiri ya Yohane Mbatizaji juu ya toba sijapata kuona kitu bora kuliko hicho.

Sasa, parokia huyaadhimishaje haya kwa pamoja? Jibu la kwanza ni Misa ya Dominika, na hilo halina mbadala. Lakini katika Afrika Mashariki sehemu kubwa ya Majilio hufanyika nje ya jengo la kanisa, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa nchi za AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, waliamua, katika mikutano yao ya mwaka 1973 na 1976, kuzifanya kuwa msingi wa maisha ya Kanisa mahalia. Jumuiya ni familia chache za jirani ambazo husali pamoja kila juma, zikipokezana nyumba. Kwa hiyo wakati wa Majilio kitendo chenyewe cha kukusanyika kinaeleza kipindi: leo tunamjilia mama fulani, juma lijalo tutajiliwa sisi, na kila mwenye nyumba hufagia ua, huazima viti na kutandika mkeka kwa ajili ya wageni wanaokuja na Neno la Mungu mkononi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mahali ambapo methali hiyo huwa kweli kuliko kwingine ni katika nyumba ya mgonjwa au mjane ambaye kwa mwaka mzima hakuna aliyebisha hodi kwake isipokuwa mwenye kudai kodi.

Kilele cha safari hiyo ni novena ya Noeli, yaani sala za siku tisa mfululizo, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba. Katika jumuiya ninayosali mimi tunakusanyika saa kumi na mbili na nusu jioni. Mshumaa husimikwa ndani ya kopo lililojaa mchanga, na mtoto mdogo kuliko wote anayeweza kushika kiberiti bila kuungua ndiye huuwasha, huku mama yake akiwa ameukinga mkono wake. Tunaimba wimbo mmoja, tunasoma Injili ya siku, tunakaa kimya kidogo, kisha kila mwenye neno anasema. Mwaka uliopita mvua ya vuli ilipiga bati kwa nguvu hata hatukuweza kusikizana. Msomaji akafunga kitabu akangoja, nasi tukangoja pamoja naye, karibu robo saa, tukiutazama mshumaa. Hakuna aliyeondoka. Ilipopungua, akaendelea pale alipoachia.

Kungoja kwa pamoja hakumaanishi kukaa bure. Katika Injili ya Luka makutano wanamuuliza Yohane, «Tufanye nini basi?», na inafaa kuangalia kwamba swali lao liko katika wingi. Jibu lake ni la vitu vinavyoshikika: mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Ndiyo sababu jumuiya nyingi huweka kikapu karibu na mshumaa, cha unga, sukari, sabuni na nguo, na siku chache kabla ya Noeli mwenyekiti pamoja na akina mama wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, hukipeleka kwa familia zilizokwisha kutambuliwa. Kwa maoni yangu ni vema kazi hiyo ifanyike usiku au alfajiri, pasipo picha, kwa sababu anayepokea naye ni mwanajumuiya.

Sakramenti ya Kitubio pia hupewa nafasi yake. Mapadre wa parokia jirani katika dekania husaidiana kuungamisha, na kanisani huonekana mistari mirefu ya watu wanaongoja zamu, wengine wakiwa na watoto mgongoni.

Kuna jambo moja la pekee kwetu. Majilio yetu huangukia majuma ambayo watu wa mjini wanarudi nyumbani, na anayejua stendi za mabasi za Dar es Salaam katikati ya Desemba, jinsi abiria wa Moshi na Rombo wanavyogombea viti, anafahamu kwamba jumuiya ya mjini humaliza novena ikiwa na watu sita au saba, ilhali ya kijijini hufurika hadi uani. Hapo ndipo unapoona faida ya Kanisa zima kushika kalenda moja. Aliyesali siku ya sita Dar es Salaam, tarehe 21, akapanda basi alfajiri ya tarehe 22, jioni yake anafika kwa mama yake akiwa na vumbi la njiani, anakuta wamekwisha kuketi, mtu anamsogezea nafasi mkekani na kumpa kitabu, nacho kimefunguliwa kwenye sala za siku ya saba.