Mji kupewa jina la Royal maana yake nini? Tuangalie Wootton Bassett

Kuna mji mdogo Uingereza, mkoa wa Wiltshire, unaitwa Royal Wootton Bassett, na watu wengi wakiona hiyo Royal mbele wanadhani pale kuna ikulu au labda mji umepandishwa daraja ukawa jiji. Sio hivyo. Ni hadhi ya kifalme, yaani mfalme au malkia anatoa hati rasmi kwamba kuanzia sasa mji huu uitwe hivi, basi. Mji unabaki mji na meya haongezewi madaraka.

Ila haitolewi hovyo. Leamington Spa walipewa 1838, Tunbridge Wells 1909, alafu ikapita miaka zaidi ya 100 ndo ikaja zamu ya Wootton Bassett. Na hao wawili wa mwanzo ni miji ya maji ya madini, watu wa familia ya kifalme walikuwa wanaenda kupumzika huko, kwahiyo unaona ukaribu wao na ufalme ulitoka wapi. Wootton Bassett wao walipewa kwa sababu ya kusimama barabarani wakati maiti zinapita.

Ilianza hivi. Aprili 2007 njia ya kurukia ndege ya Brize Norton, kambi ya jeshi la anga, ilikuwa kwenye ukarabati, kwahiyo miili ya wanajeshi wa Uingereza waliokufa Iraq na Afghanistan ikawa inashushwa kambi ya Lyneham, na kutoka Lyneham kwenda hospitali ya John Radcliffe kule Oxford, ambako miili ilikuwa inafanyiwa uchunguzi, lazima magari yapite katikati ya Wootton Bassett, ile barabara yenye maduka. Hamna kiongozi aliyewaagiza wananchi wajipange. Wazee wa Royal British Legion, kile chama cha askari wastaafu, waliona jeneza limefunikwa bendera linapita mtaani kwao wakasimama wakatoa heshima. Safari iliyofuata wakasimama tena, wenye maduka nao wakaanza kutoka nje, wateja wanaacha vikapu wanatoka, na kengele ya kanisa la St Bartholomew ikawa inapigwa msafara ukikaribia, kisha mtaa mzima kimya, gari la maiti linasimama kidogo pale kwenye mnara wa kumbukumbu ya vita, wastaafu wanainamisha bendera zao, ndugu wa marehemu wanaweka maua juu ya gari, na msafara unaendelea na safari.

Hakuna hotuba wala bendi. Mimi naona hapo ndo penye uzito wote, maana serikali ina sherehe zake na jeshi lina gwaride lake, lakini muuza nyama aliyefunga duka akatoka kusimama hakulipwa na mtu na wala marehemu hamjui. Kusimama pale haikuwa kura ya kuunga mkono vita pia, mtu unaweza kuipinga vita ya Afghanistan kwa moyo wako wote na bado ukamsindikiza kijana wa watu anayerudi ndani ya sanduku.

Julai 14, 2009 yalipita majeneza 8 siku moja, wengi wao waliuawa ndani ya saa 24 huko Helmand, jimbo la Afghanistan, na maelfu ya watu walifika. Ukijumlisha mpaka Agosti 2011 ni miili 345, katika misafara 167, kwenye mji wa watu kama elfu 11 hivi.

Machi 2011 waziri mkuu David Cameron akatangaza bungeni kwamba malkia Elizabeth amekubali mji uitwe Royal, na Oktoba 16 mwaka huohuo Princess Anne akaenda mwenyewe kukabidhi hati. Wakati huo misafara ilikuwa imeshahama, kwa sababu kuanzia Septemba 1 ndege zilirudi Brize Norton na msafara ukawa unapita Carterton, Oxfordshire. Jioni ya Agosti 31 watu wa Wootton Bassett walishusha bendera yao wakaiweka altareni kanisani, kesho yake ikakabidhiwa kwa wenzao wa Carterton.

Je, misafara ikiisha na hadhi inaondoka? Hapana, haina muda wa kuisha na wala haidai mji uendelee kufanya kitu fulani. Mpaka leo jina rasmi ni Royal Wootton Bassett, na halmashauri ya mji inalitumia hivyohivyo.