Kipimo cha mkojo cha tezi dume hakikuepushi na kidole

Habari za kipimo cha mkojo cha saratani ya tezi dume zimefika Mtwara na Lindi, na sasa wazee wanaingia kliniki na sharti: "Daktari, kidole hapana. Nipime mkojo tu."

Mzee, kidole kimo ndani ya kipimo hichohicho. Kinachotafutwa kwenye mkojo ni PCA3, RNA ndefu (RNA ni nakala ya sehemu ya DNA) isiyotengeneza protini, ambayo seli za saratani ya tezi dume huizalisha kwa wingi kuliko seli za kawaida za tezi hiyo. Ili seli zifike kwenye mkojo kwa kiasi kinachopimika, daktari hupitisha kidole njia ya haja kubwa na kuikanda tezi kutoka pembeni kuelekea katikati, mara tatu kila upande. Hapo ndipo unakojoa, na tunakinga mkojo wa mwanzo, mililita 20 hadi 30. Bila kukandwa, RNA huweza kuwa kidogo mno na majibu yasipatikane.

Mkojo uliokingwa Nanyamba kwenye chupa ya maji, ukasafiri kwenye basi lenye joto, hautufai. Vimeng'enya vilivyomo hukatakata RNA upesi. Unatakiwa ukae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, na ndani ya saa 4 uwe umehamishiwa kwenye kichupa chenye kemikali ya kuihifadhi.

Kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi kinachochukuliwa kupimwa, nacho hakijafutwa. Marekani iliidhinisha kipimo hiki mwaka 2012 kwa wanaume wa miaka 50 na zaidi waliokwisha kuchukuliwa kinyama, saratani isionekane, lakini daktari bado ana shaka. Husaidia kuamua kama kinyama kirudiwe. PCA3 hugawanywa kwa RNA ya PSA (protini inayotolewa na tezi dume), kisha huzidishwa kwa 1,000. Jibu likiwa chini ya 25, uwezekano wa kukuta saratani ni mdogo, ila upo. Anayekuambia mkojo unathibitisha saratani anakuuzia maneno.

"PSA imepanda kwenye damu, basi ni saratani." Hapana. Tezi isiyo na saratani nayo hutoa PSA, na kutanuka kwa tezi uzeeni au maambukizi huipandisha. Nitalirudia hadi lieleweke: una UTI, tibu kwanza, subiri wiki 6, ndipo upime. Siku mbili kabla, usimwage shahawa. PCA3, tofauti na PSA, haifuati ukubwa wa tezi.

"RNA isiyotengeneza protini ni takataka." Hii ni ya wanafunzi wa maabara. Sehemu ya jinomu (DNA yote ya seli) inayobeba maelekezo ya protini haifiki hata asilimia 2. PCA3 yenyewe ina kazi: husomwa kwa mwelekeo wa kinyume ndani ya jeni ya PRUNE2, kwenye kromosomu ya 9. Hushikamana na RNA ya jeni hiyo na kuipunguza, na PRUNE2 ni breki ya uvimbe.

Wengine huruka upande wa pili: RNA hizi zote huleta saratani. Si kweli. MEG3, RNA nyingine ya aina hii, huzuia uvimbe, na kwenye saratani nyingi hukutwa imezimwa.