Je, wajua mpiga kinanda asiyeona husomaje nota ilhali mikono yake yote ina kazi?

Watu wanapomwona mpiga kinanda asiyeona akiongoza ibada nzima bila karatasi yoyote mbele yake, kwa kawaida husema kwamba amejaliwa sikio kali. Huenda ni kweli, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa wapo wanamuziki wasioona waliojifunza vipande vyao kwa kuvisoma kwa ncha za vidole. Linalobaki kuelezwa ni namna wanavyofanya hivyo, maana kinanda kinadai mikono miwili, na nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu ya wasioona, nazo zinadai kidole cha kuzipapasa.

Jambo hili linaanzia kwa Louis Braille mwenyewe, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza uwezo wa kuona utotoni, baada ya kujichoma jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, aliyekuwa fundi wa matandiko ya farasi. Wengi humkumbuka kwa sababu ya herufi, wakasahau kwamba alikuwa pia mpiga kinanda wa kanisani mjini Paris. Kitabu alichokitoa mwaka 1829 kueleza mfumo wake kiliutaja muziki katika jina lake, pamoja na maneno na nyimbo za ibada. Muziki, kwa hiyo, ulikuwamo tangu mwanzo, ingawa alama zenyewe ziliendelea kuboreshwa.

Katika maandishi haya hakuna ile mistari mitano iliyozoeleka. Kila alama ina nafasi sita za nukta katika safu mbili: kushoto, kutoka juu kwenda chini, ni nukta ya 1, 2 na 3, na kulia ni ya 4, 5 na 6. Nukta nne za juu hutaja nota, na mbili za chini hutaja urefu wake. Chukua do: nukta 1, 4 na 5, ambazo kwa maandishi ya kawaida ni herufi d. Zikisimama peke yake ni nota ya nusu pigo. Ukiongeza nukta ya 6 inakuwa pigo moja. Ukiweka ya 3 mahali pa ya 6, mapigo mawili. Ukiziweka zote mbili, mapigo manne. Kwa kuwa nukta mbili haziwezi kutoa zaidi ya miundo minne, alama ile ile ya mapigo manne hutumika pia kwa robo pigo, na msomaji hutambua ipi imekusudiwa kwa kuhesabu mapigo ya kipimo kizima, yaani fungu moja la mapigo katika wimbo. Alama nyingine hutangulia nota kuonyesha iko oktava gani, yaani ngazi ipi ya do hadi do, lakini huachwa pale sauti inapopanda au kushuka hatua moja au mbili, kwa kuwa hapo hakuna wa kukosea.

Sasa turudi kwenye mikono. Sehemu ya mkono wa kulia na ya mkono wa kushoto huandikwa kila moja peke yake, zikitanguliwa na alama ya kuzitofautisha. Mwanafunzi hupapasa vipimo vichache kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukivipiga, kisha hubadilisha: wa kulia husoma, wa kushoto hupiga. Vipimo hivyo vikishakaa kichwani, huiacha karatasi, huunganisha mikono yote miwili, ndipo huendelea na vinavyofuata. Ni kazi ya polepole, na haina njia ya mkato: kipande chochote cha mikono miwili lazima kikaririwe kabla ya kupigwa. Mwimbaji wa kwaya ana nafuu kubwa, kwa sababu kinywa chake hakihitajiki katika kusoma. Vidole vikipita juu ya nota, yeye huimba papo hapo.

Kwa nini basi asisikilize rekodi tu, akamaliza? Kwa maoni yangu, anayejifunza kwa rekodi pekee hupokea uamuzi wa mpigaji mwingine kuhusu mwendo na nguvu ya sauti, ilhali nota humwonyesha alichoandika mtunzi, hata kidole kilichopendekezwa kwa kila nota. Katika kwaya zetu zinazotumia solfa, kikwazo ni chepesi zaidi: d, r, m na alama za vituo zote zimo katika nukta nundu za kawaida, kinachotakiwa ni kuitenganisha kila sauti na nyenzake.

Ugumu uliopo ni wa kupata nakala. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, huruhusu kazi zilizochapishwa kugeuzwa ziwafae wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki, na nota za muziki zimo. Programu ya kompyuta ya kuandikia nota iitwayo MuseScore, isiyolipiwa, huweza kutoa nota kwa nukta nundu, ingawa bado ni busara nakala ikahakikiwa na msomaji mzoefu. Hata hivyo mwalimu anayegawa wimbo siku ya mazoezi huwa amemwacha nyuma mwanafunzi huyu, ambaye angehitaji nakala yake mapema ili apate muda wa kukariri. Bodi ya mitihani ya muziki ya ABRSM ya London imelizingatia hilo: badala ya jaribio la kupiga nota mara tu uzionapo, mtahiniwa asiyeona anaweza kuchagua kusoma kifungu kifupi kwa nukta nundu, akakikariri, kisha akakipiga.