Kama sukari inapimwa kwa tone, mbona saratani bado?

Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale tulikuwa na banda la maabara, kila anayepita anataka kupimwa sukari. Akaja mzee mmoja wa Tukuyu, nikamchoma kidole, nikagusisha damu kwenye kistripu, sekunde chache mashine ikaandika 5.4. Akaiangalia weee, akasema, "Sasa mwanangu, kama sukari mnaijua kwa tone tu, saratani mbona hamuiweki humo humo?"

Swali zuri sana lile, ngoja nilijibu na hapa.

Ile mashine ya sukari ndo bayosensa yenyewe ya umeme, yaani kifaa kinachotambua kitu kwenye damu na kutoa umeme unaopimika, wazo lake walilitoa Leland Clark na Champ Lyons kule Marekani mwaka 1962. Kwenye kistripu kuna kimeng'enya kinachoshambulia sukari, hapo elektroni zinatoka, zinapita kwenye kipande chembamba cha kaboni au dhahabu kinachoitwa elektrodi, mashine inapima umeme inakupa namba, basi. Ya saratani njia ni hiyo hiyo ila tunabandika kingamwili inayonasa kitu kimoja tu, mfano PSA, protini inayotoka kwenye tezi dume, ikishanaswa tunaleta kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, PSA ikiwa nyingi na umeme unakuwa mwingi.

Shida iko kwenye kiasi. Mililita moja ya damu ina sukari karibu miligramu 1, wakati PSA inayoanza kumtia daktari wasiwasi mara nyingi ni nanogramu 4, yaani sukari imeizidi zaidi ya mara laki mbili! Halafu humo humo kuna albumini, protini ya kawaida kabisa ya damu, hiyo inaizidi PSA kama mara milioni 10. Chukua magunia mawili ya kilo mia ya mchele wa Kyela, paka punje moja rangi, changanya, halafu mpe mama ungo aitafute. Na albumini yenyewe haikai pembeni, inang'ang'ania juu ya elektrodi inaiziba, umeme unatoka wa uongo. Nimeona mwenyewe, mstari kwenye skrini umenyooka wiki nzima tukitumia maji safi ya maabara, tunaweka seramu ya mtu tone moja tu unaanza kuyumba.

Na hata ikipima sawasawa, PSA kupanda sio lazima iwe saratani, inapanda tezi ikivimba kwa umri au ukiwa na maambukizi, na kuna mwenye saratani na PSA yake iko chini. CA-125, protini ya damu inayotumika kufuatilia saratani ya ovari, nayo inapanda hata kwa hedhi au ujauzito. Kwa hiyo akija mtu mtaani kwako, iwe Mwanjelwa au Mafinga, ana kimashine cha kupima "saratani zote" kwa tone moja, tafadhali usimpe hela yako, hakuna kiashiria kimoja cha saratani zote.

Dada zangu, saratani ya mlango wa kizazi msisubiri bayosensa, inapimwa kwa siki kliniki, na chanjo ya HPV, kirusi kinachoisababisha, ya mabinti ipo nchini tangu 2018.

Yule mzee nilimuuliza usiku anaamka mara ngapi kukojoa. Akasema mara nne, siku nyingine tano, mkojo wenyewe unatoka kwa shida. Nikamwandikia kwenye karatasi kliniki ya njia ya mkojo pale Hospitali ya Rufaa, nikamwomba aende wiki ile ile.